Zege la Resini: Mwongozo Kamili wa Kutumia Polima Badala ya Saruji

Katika zege la kawaida, saruji ikikutana na maji hugeuka kuwa gundi inayozishika kokoto na mchanga. Katika zege la resini, saruji haimo na maji hayamo. Kazi ya kushika hufanywa na resini ya polima (kitu chenye molekuli zilizoungana kama minyororo mirefu), ambayo huja ikiwa majimaji mazito, hutiwa kemikali ya kuigandisha, na baada ya dakika chache au saa chache huwa ngumu na haiyeyuki tena. Zege la saruji la kawaida hubeba mgandamizo wa megapaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo) 20 hadi 40, ilhali zege la resini lililotengenezwa vizuri hufikia megapaskali 70 hadi 120. Tofauti iliyo kubwa zaidi huonekana katika kupinda: zege la saruji huvunjika kwenye megapaskali 3 hadi 5, na la resini hustahimili 15 hadi 25. Aidha, halipenyezi maji, hustahimili tindikali nyingi, na hufikia sehemu kubwa ya nguvu yake siku ya pili.

Nguvu hiyo huwafanya wengi waamini kwamba siri iko ndani ya pipa la resini, na kwamba ukinunua resini bora na kuimimina kwa wingi, zege litakuwa imara. Mambo si hivyo. Nguvu hutoka kwa mawe yaliyokaushwa kabisa na kupangwa vizuri mpaka nafasi iliyobaki kati yao ni ndogo sana, na resini huja kuijaza nafasi hiyo tu. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi inayofanyika kabla pipa la resini halijafunguliwa.

Tutenganishe kwanza mambo matatu ambayo huchanganywa mara kwa mara. Liko zege la saruji lililoongezewa polima, ambamo lateksi (chembe ndogo za polima zinazoelea ndani ya maji) hutiwa kwenye maji ya kuchanganyia na saruji inabaki kuwa mshikaji mkuu. Liko zege la saruji lililokwisha kukomaa na kukaushwa, kisha likanyweshwa polima nyepesi inayoingia vitundu vyake na kugandia humo. La tatu ndilo tunalolizungumzia hapa, ambalo resini peke yake ndiyo mshikaji.

Linafaa wapi, na wapi haliwezi

Zege la resini limejipatia nafasi katika mifereji ya kupitishia maji, mabomba ya maji taka, matangi na sakafu za viwanda vyenye tindikali, tabaka za juu za madaraja, na vitako vya mashine za kukata chuma, ambako sifa yake ya kumeza mtetemo kuliko chuma cha kusubu inathaminiwa sana.

Hata hivyo, lina udhaifu usiopaswa kufichwa. Resini ni kitu cha kaboni, na moto huila. Hata kabla ya moto, kila resini ina kiwango cha joto ambacho ikikifikia huacha ugumu wake na kuanza kulainika. Kwa epoksi nyingi zinazogandia kwenye joto la kawaida la chumba, kiwango hicho huwa kati ya nyuzi joto 50 na 65 za Selsiasi. Tena, likiwekewa mzigo mzito wa kudumu, zege hili hupinda polepole kwa miezi na miaka, na joto huharakisha kupinda huko. Kwa hiyo halifai kuwa boriti au nguzo ya kubeba jengo. Bei nayo ni hoja: resini ni ghali kuliko saruji kwa mara nyingi, na mahali ambapo saruji inatosha, tumia saruji.

Hatua ya kwanza: kuchagua resini

Poliesta isiyoshiba ndiyo inayotumika zaidi kwa kuwa ni nafuu na huganda upesi. Ndani yake mna stireni, kwa kawaida asilimia 30 hadi 45, ambayo huifanya iwe nyepesi na pia hushiriki katika kuganda. Inastahimili tindikali vizuri, lakini alkali kali huikata minyororo yake, na ikiganda husinyaa sana: resini tupu hupoteza takriban asilimia 5 hadi 8 ya ujazo wake. Vinili esta ni ndugu yake wa karibu, huhimili kemikali zaidi, na bei yake iko juu zaidi.

Epoksi husinyaa kidogo, hunata kwa nguvu kwenye zege kuukuu na chuma, na huistahimili alkali. Ni chaguo sahihi kwa ukarabati na kwa vitu vinavyohitaji vipimo halisi. Ubaya wake ni bei, na kwamba uwiano wake na kigumishaji (kemikali ya kuigandisha) hauvumilii makosa. Methili methakrilati ni nyepesi kama maji na huganda hata kwenye baridi kali, lakini mvuke wake huweza kushika moto kwenye joto la nyuzi 10 tu, kwa hiyo simpendekezei mtu anayeanza. Katika mfano wa hapa chini nitatumia poliesta, na nitaonyesha mahali ambapo epoksi inahitaji utaratibu tofauti.

Hatua ya pili: kuchagua, kusafisha na kukausha mawe

Chagua mawe magumu yasiyonywa: kwatsi, graniti au basalti. Jiwe lenye vitundu hunyonya resini, na kila gramu iliyonyonywa ni gramu uliyoilipia ambayo haishiki chochote. Mawe ya chokaa yana nguvu ya kutosha, lakini yakikutana na tindikali huliwa, kwa hiyo zege la tangi la tindikali lisiwe na chokaa hata katika unga wake wa mawe. Ukubwa wa kokoto kubwa kabisa usizidi robo ya sehemu iliyo nyembamba zaidi ya kitu unachokitengeneza.

Osha mawe ili uondoe udongo, kwa sababu udongo hulizunguka jiwe kama ngozi na resini hushika ngozi hiyo badala ya jiwe. Kisha kausha. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa maana mtu aliyezoea saruji, ambako jiwe lenye unyevu si tatizo, huona jiwe lisilong'aa kwa maji na kusema limekauka. Resini haipatani na maji. Utando mwembamba wa unyevu, usioonekana kwa macho, hukaa kati ya jiwe na resini na kuzuia mshikamano, na nguvu ya zege huporomoka ingawa kwa nje linaonekana zuri. Unyevu usizidi asilimia 0.5 ya uzito, na ukiweza kuufikisha chini ya asilimia 0.1 ni bora zaidi.

Njia ya uhakika ni kutandaza mawe kwenye sinia na kuyaweka katika tanuri lenye nyuzi 105 hadi 110 mpaka uzito wake uache kupungua. Pima sampuli, iache tanurini saa moja zaidi, pima tena. Vipimo viwili vikilingana, imekauka. Asiye na tanuri anaweza kukaanga mawe kwenye bati pana juu ya moto huku akiyageuza kwa koleo, lakini kipimo cha mizani ndicho kiamue, si macho. Mawe yapoe hadi joto la chumba ndani ya ndoo zenye mifuniko, kwa sababu mchanga mkavu huvuta unyevu wa hewa usiku kucha, na mawe ya moto yatagandisha resini mikononi mwako.

Hatua ya tatu: kuyapanga mawe na kupima uwazi

Fikiria chombo kilichojaa kokoto za ukubwa mmoja. Nafasi kati yake ni kubwa, karibu mbili ya tano ya chombo. Ukiongeza mchanga, nafasi hupungua. Ukiongeza unga laini wa mawe, hupungua tena. Kanuni inayosaidia kupanga ukubwa huu inaitwa mkunjo wa Fuller: asilimia ya mawe yanayopaswa kupita kwenye chekeche ni 100 mara kipeuo cha pili cha ukubwa wa tundu uliogawanywa kwa ukubwa wa kokoto kubwa kabisa. Kwa kokoto kubwa ya milimita 10, chekeche ya milimita 5 ipitishe asilimia 71, ya milimita 2.5 ipitishe 50, ya milimita 1.25 ipitishe 35, na ya milimita 0.15 ipitishe takriban 12.

Kwa kilo 88 za mawe, kanuni hiyo inatupa takriban kilo 44 za kokoto za milimita 2.5 hadi 10, kilo 34 za mchanga, na kilo 10 za unga. Unga unaweza kuwa wa kwatsi, au jivu laini la makaa ya mawe la mitambo ya umeme, ambalo chembe zake ni za mviringo na huteleza vizuri, hivyo hulainisha mchanganyiko bila kudai resini ya ziada.

Sasa pima uwazi wa mchanganyiko wako mwenyewe, yaani nafasi iliyobaki kati ya mawe. Usinakili kiasi cha resini kutoka kwa mtu mwingine, kwa sababu mawe yake si yako. Chukua chombo chenye ujazo unaojulikana, tuseme lita 10. Kijaze mchanganyiko mkavu kwa tabaka tatu, ukikitetemesha au kukigongagonga kila tabaka mpaka iache kushuka, kisha sawazisha juu na upime. Tuseme umepata kilo 20.9. Lita moja ya jiwe gumu la kwatsi, lisilo na nafasi yoyote, ina uzito wa kilo 2.65, kwa hiyo jiwe lenyewe limechukua lita 7.89, na zilizobaki, lita 2.11, ni uwazi. Huo ni asilimia 21. Ukipata zaidi ya asilimia 25, rudi kwenye chekeche na urekebishe vipimo kabla ya kuendelea. Ni kazi ya kuchosha, nakiri, lakini ndiyo inayookoa fedha kuliko nyingine yoyote katika mwongozo huu.

Kiasi cha resini ni ule uwazi pamoja na nyongeza ya kuzipaka chembe zote, ambayo huwa kati ya sehemu moja ya kumi na robo ya uwazi huo. Kilo zetu 88 zikishindiliwa huchukua takriban lita 42, na uwazi wake ni kama lita 8.8. Tukiongeza robo tunapata lita 11, ambazo kwa poliesta yenye uzito wa kilo 1.1 kwa lita ni kilo 12. Mchanganyiko mzima basi ni kilo 100, na resini ni asilimia 12 ya uzito. Zege nyingi za aina hii huwa kati ya asilimia 10 na 15. Zile za mchanga mtupu usio na kokoto huweza kufika 20. Resini ikizidi, zege husinyaa, hupata joto kali likiganda, hupasuka, na kokoto huzama chini. Ikipungua, hubaki vitundu ambamo nguvu hupotelea.

Hatua ya nne: kalibu

Resini hunata kwa kila kitu. Kalibu, yaani chombo cha kulipa zege umbo, iwe ya chuma au ya mbao iliyofunikwa kwa plastiki ngumu, ipakwe nta ya kuachia mara mbili au tatu, ikisuguliwa kila mara. Karatasi ya polithini nayo hufaa kwa nyuso bapa, kwa sababu resini haishiki polithini. Ziba kila mwanya, maana resini nyepesi hupita pasipopitika maji ya saruji. Kama kuna kiini cha ndani cha kutengenezea tundu, kipe mteremko kidogo na upange kukitoa mapema, kwa sababu poliesta husinyaa kukibana, na kisipotolewa zege hupasuka kwenye kona.

Hatua ya tano: usalama na jaribio la kikombe

Kianzishi cha poliesta, yaani kemikali inayoanzisha kuganda kwake, kinachotumika zaidi ni peroksaidi ya methili ethili ketoni. Tone moja likiingia jichoni huweza kupofusha, kwa hiyo miwani iliyofungwa pande zote ivaliwe tangu chupa inapofunguliwa, na maji safi yawe karibu. Likiingia, osha jicho kwa maji mengi kwa dakika 15 au zaidi na uende hospitali papo hapo. Kiharakishaji cha kobalti (kemikali inayokiharakisha kianzishi) na kianzishi hiki visikutanishwe vikiwa vitupu hata kwa kijiko kimoja, kwa kuwa huweza kuwaka au kulipuka. Kobalti hutangulia kwenye resini na kukorogwa kabisa, ndipo kianzishi kiingie; na resini nyingi huuzwa zikiwa tayari zimetiwa kobalti, kwa hiyo soma lebo kabla ya kuongeza. Kianzishi kisichanganywe na asetoni pia, na matambara yaliyokifuta yalowekwe maji kabla ya kutupwa.

Mvuke wa stireni hulevya na hushika moto, hivyo fanya kazi penye hewa inayopita na pasipo cheche. Epoksi haina harufu kali na kwa sababu hiyo watu huidharau, ilhali ikigusa ngozi mara kwa mara huweza kuleta mzio usioondoka maishani. Vaa glovu za nitrili na uoshe ngozi kwa sabuni, kamwe si kwa asetoni. Unapopima unga wa kwatsi, vaa barakoa ya kuchuja vumbi, kwa maana vumbi la silika huharibu mapafu bila kurudi nyuma.

Baada ya hayo, pima gramu 100 za resini kikombeni, tia kianzishi gramu 1.5, koroga, na uhesabu dakika mpaka ianze kuvutika kama jeli. Fanya hivyo siku ileile ya kazi, kwa sababu kila joto linapopanda nyuzi 10, muda huo hupungua karibu kwa nusu. Kwa poliesta unaweza kupunguza kianzishi hadi asilimia 1 au kukipandisha hadi 2 ili upate muda unaoutaka. Kwa epoksi huwezi: kila molekuli ya kigumishaji ina mwenzake, na kigumishaji cha ziada hubaki ndani kikiilainisha resini daima. Ukitaka epoksi ya haraka au ya polepole, badilisha aina ya kigumishaji.

Hatua ya sita: kuchanganya

Pima kila kitu kwa mizani kabla ya kutia kianzishi. Koroga kilo 12 za resini na gramu 180 za kianzishi kwa dakika moja hadi mbili, ukikwangua pande na kitako cha ndoo, ambako resini isiyochanganyika hupenda kujificha. Usiiache ndoo imesimama. Resini nyingi iliyokusanyika pamoja hujipasha joto yenyewe na kuganda mapema, na epoksi huweza hata kutoa moshi. Ikishaingia kwenye mawe, mawe huchukua joto hilo na muda huongezeka.

Mashine inayofaa ni ile ya sufuria yenye mapanga yanayolazimisha mchanganyiko uzunguke, kwa kuwa pipa la kuzungusha zege la saruji hushindwa na mnato huu. Napendelea kutia kokoto na mchanga kwanza, kuzilowesha kwa resini yote, kisha kuunyunyiza unga mwishoni. Unga una eneo kubwa la uso kuliko vyote, na ukitangulia hutengeneza uji mzito usiosambaa vizuri juu ya kokoto. Dakika tatu zinatosha. Kila chembe ing'ae, na kusiwe na donge la unga mkavu.

Hatua ya saba: kumimina

Mimina kwa tabaka za unene wa sentimita 5 hadi 8 na utetemeshe kalibu juu ya meza ya vaibreta. Hewa hutoka polepole kuliko kwenye saruji kwa sababu resini ni nzito. Simama pale povu linapokoma na uso unapopata mng'ao mwembamba. Ukiendelea, resini hupanda juu na kokoto hukaa chini. Tabaka la pili lifuate kabla la kwanza halijaanza kuganda. Vifaa vioshwe kwa asetoni mara moja, mbali na kianzishi, kwa sababu resini iliyoganda haitoki ila kwa nyundo.

Ikiwa unamimina juu ya zege kuukuu la saruji, kazi ina sharti jingine. Zege la resini hutanuka kwa joto zaidi ya la saruji, mara nyingi mara mbili, na kila siku jua linapochomoza na kuzama, mpaka kati ya hayo mawili huvutwa. Ukwaruze uso wa zamani mpaka kokoto zionekane, ukaushe, uondoe vumbi, upake resini tupu kwanza, na tabaka lako liwe jembamba.

Hatua ya nane: kukomaza

Zege hili halimwagiliwi maji. Funika uso wa poliesta kwa karatasi ya polithini, kwa kuwa oksijeni ya hewa huizuia ngozi ya juu kuganda na huiacha ikinata. Joto la nyuzi 20 hadi 25 linafaa. Chini ya 10 resini nyingi za kawaida huzubaa. Fungua kalibu baada ya saa 24. Ukiwa na tanuri, pasha poliesta nyuzi 60 hadi 80 kwa saa kadhaa, ukipandisha na kushusha joto taratibu; stireni iliyobaki humalizika na ustahimilivu wa joto hupanda. Bila tanuri, subiri siku 7 kabla ya kuweka mzigo.

Hatua ya tisa: kupima na kusoma kasoro

Kwa kila mchanganyiko, mimina vipande vitatu vya mchemraba wa milimita 50 na uvivunje baada ya siku 7. Usitazame namba peke yake, tazama pia mvunjiko wenyewe. Kokoto zikikatika katikati, resini imeshika na kazi ni njema. Kokoto zikichomoka nzima na kuacha mashimo laini, kulikuwa na unyevu au udongo. Vitundu vingi vya mviringo ni hewa iliyokosa kutetemeshwa. Mianya yenye kingo za ovyo ni resini pungufu. Tabaka la resini tupu upande wa juu linaonyesha resini iliyozidi au mtetemo mrefu mno. Sehemu laini inayobonyea kwa ukucha, hasa ikiwa doa moja tu, ni kianzishi kisichokorogwa vizuri, na doa hilo halitakomaa hata ukilisubiri mwezi mzima: lichimbe lote mpaka ukutane na zege gumu, kwaruza kingo, na ulijaze upya.